Dashibodi ya kijani, foleni tupu: jinsi ya kujenga mfumo wa kufuatilia gridi ya kompyuta

Wakuu habari. Ngoja nianze na usiku ulionifundisha hii kazi alafu ndo tuingie kwenye namna ya kufanya.

Tulikuwa na kompyuta 40 hivi zimegawanyika sehemu tatu, nyingi ziko Njiro hapa Arusha, chache Usa River, zilizobaki Moshi upande wa Majengo, zote ni mashine za kawaida za mezani ambazo mchana watu wanafanyia shughuli zao na usiku sisi tunaziazima zipige hesabu kwa pamoja, hiyo ndo gridi yetu. Kuna mtafiti mmoja alikuwa na hesabu zake za mvua, kazi 1,100 ndogo ndogo, kila moja inakula kama saa moja na nusu. Tukaziweka kwenye foleni Ijumaa jioni, nikaangalia dashibodi, yaani ukurasa unaoonyesha hali ya mashine zote, kila kitu kijani, nikaenda zangu kula ndizi nyama nikalala. Jumamosi asubuhi foleni tupu. Nikafurahi kabisa, nikasema aisee hii gridi ina mbio. Kuja kufungua majibu, kazi 1,063 zimefeli na zote zimefelia kwenye mashine moja tu ya Moshi.

Kilichotokea ni kwamba ile mashine sehemu ya diski ya kuwekea faili za muda ilikuwa imejaa. Kazi ikifika inataka kuandika faili inakosa nafasi inakufa ndani ya sekunde mbili, mashine inarudi kuwa huru, mgawa kazi, yaani programu inayogawia mashine kazi, anaiona haina shughuli anaipa nyingine, nayo inakufa, anaipa nyingine, mpaka foleni ikaisha. Wenzake wako bize na kazi ya saa moja na nusu, yeye anameza foleni nzima kama maji. Na ukimwangalia kwa vipimo vyangu vya siku zile prosesa imetulia, ram ipo, mtandao upo, joto zuri, maana diski niliyokuwa naipima ni ile ya mfumo tu. Watu wa gridi mashine ya hivi wanaiita shimo jeusi, na karibu kila aliyeendesha gridi ana stori yake. Dashibodi yangu wala haikudanganya, mashine kweli zilikuwa zinawaka, ila hakuna mtu aliyekuwa ameuliza kama mashine zinawaka.

Kwahiyo kabla hujagusa programu yoyote chukua karatasi uandike nani atakuja kuangalia na atakuja na swali gani. Kwetu walikuwa watatu. Mtafiti anauliza kazi zangu zimefika wapi na ngapi zimeharibika. Mwenye kituo, yaani yule aliyetuazima mashine, anauliza mnazitumia saa ngapi na umeme wangu mnaula kiasi gani. Mimi fundi nauliza nini kimeharibika na naanzia wapi kurekebisha. Kipimo ambacho hakijibu swali la mmoja wao kitoe, kinakula mtandao bure.

Huyo mwenye kituo usimpuuze, na hapa ndo gridi inapotofautiana na klasta, maana watu wanavichanganya sana. Klasta mashine zako ziko chumba kimoja, mwenye nazo mmoja, ukitaka kuzima unazima. Gridi mashine ni za watu tofauti, sehemu tofauti, kila mmoja na sheria zake na paswedi zake, wewe umepewa ruhusa ya kutumia tu. Hili wazo lilisukumwa sana miaka ya 1990 na kina Ian Foster na Carl Kesselman na programu yao ya Globus, na leo gridi kubwa inayojulikana ni ile inayochambua data za CERN, maabara ya fizikia ya kule Ulaya, ina vituo kama 170 kwenye nchi zaidi ya 40, sasa hebu fikiria pale nani ana mamlaka ya kuingia kwenye mashine ya nani. Hata sisi wa vituo vitatu ilikuwa hivyo hivyo, Moshi mwenye chumba alikuwa hataki kabisa mtu wa Arusha aingie kwenye mashine zake usiku, na ana haki. Mfumo wako wa kufuatilia inabidi uishi na hilo, usiujenge kama vile kila kitu ni chako.

Haya, mifupa ya mfumo. Mwaka 2002 jukwaa la watu wa gridi duniani lilitoa mchoro wa namna ufuatiliaji wa gridi unavyotakiwa kukaa, na mpaka leo sijaona wa kuushinda kwa urahisi wake. Kuna mzalishaji wa data, kuna mtumiaji wa data, na kuna orodha. Fikiria dalali pale soko la Kilombero, wewe unatafuta nyanya unamwuliza dalali, anakwambia nenda kwa yule mama pale kwenye kona ana tenga sita, basi kazi yake imeisha, nyanya unanunua kwa mama mwenyewe, hazipitii mikononi mwa dalali. Orodha ya gridi ndo huyo dalali. Mashine au kituo kinajiandikisha pale kwamba mimi nina vipimo hivi napatikana anwani hii, anayetaka anasoma orodha alafu anaenda kuchukua data moja kwa moja kwa mwenyewe. Kosa ambalo vijana wengi wanafanya ni kupitisha data yote kwenye orodha, wanaweka seva moja Njiro kila mashine inamwagia huko, siku seva ikilemewa au ikizimika kila mtu kipofu kwa mpigo.

Sisi tuliiweka hivi: kila kituo kina mkusanyaji wake, kompyuta moja ndogo tu inayokusanya vipimo vya mashine za chumba kile na kuvihifadhi hapo hapo, alafu Njiro kuna mkubwa ambaye anapata muhtasari kutoka kwa hao wadogo. Kati ya Arusha na Moshi ni kama kilomita 80, laini ikikatika huko njiani, na itakatika, mkusanyaji wa Moshi anaendelea kuandika kama kawaida na laini ikirudi unapata historia yote. Kama unatumia Prometheus, programu ya bure ya kukusanya na kutunza vipimo, hii ni rahisi, ile ya Moshi kwa kawaida yake inatunza data siku 15 bila kuguswa, na ukiiwekea kutuma kwa mkubwa inaweza kushikilia kama saa mbili za data ambayo haijatumwa, zikipita hapo ile ya zamani haifiki tena kwa mkubwa ila kwenye diski ya Moshi bado ipo unaweza kuifuata. Kama mashine zako ni za zamani sana jaribu Ganglia, programu nyingine ya kazi hiyo hiyo, ilitoka chuo cha Berkeley kule Marekani na ilitengenezwa kwa ajili ya klasta na gridi haswa. Uzuri wake mashine za chumba kimoja zinasikilizana zenyewe kwa zenyewe, kila moja inajua hali za jirani zake, kwahiyo mkusanyaji akitaka habari za chumba kizima anamwuliza yeyote, akimkuta amekufa anamwuliza wa pili. Ni kama mtaani kwetu, huhitaji kugonga kila nyumba kujua nani anaumwa.

Kuvuta au kusukuma? Huu ubishi haujawahi kuisha. Kuvuta maana yake mkusanyaji anaenda kuuliza kila mashine, kusukuma maana yake mashine inatuma yenyewe. Mi msimamo wangu ndani ya chumba vuta, kati ya vituo sukuma. Ndani ya chumba kuvuta kunakupa faida kwamba asiyejibu unamjua palepale. Kati ya vituo kusukuma kunakuokoa na ruta na ukuta wa usalama wa watu wengine, maana yule mwenye chumba wa Moshi hatakufungulia mlango wa kuingia hata umlipie kahawa mwaka mzima, ila kutoka nje anaruhusu. Data zipitishe ndani ya VPN, yaani njia ya siri ndani ya intaneti, sisi tunatumia WireGuard, na usiache milango (port) ya vipimo wazi kwenye intaneti, ile ya Ganglia namba 8649 ikiachwa wazi inamwaga habari za mashine zako zote kwa yeyote atakayegonga.

Sasa twende kwenye kimya, na hapa naomba tutulie kidogo maana ndo moyo wa kazi. Kwenye chumba kimoja mashine ikinyamaza imekufa au imezimwa, basi. Kwenye gridi kimya kina maana tatu na zote zinafanana kwa macho, mashine imekufa, au mashine nzima ila njia imekatika, au wewe unayesikiliza ndo umekufa. Mfumo unaochora nyekundu kwa zote tatu utakutoa Arusha mpaka Moshi usiku kwa nauli yako kwenda kukuta mashine zinapiga kazi kama kawaida. Imenikuta mara mbili. Na mfumo unaoacha namba ya mwisho ikae pale kama vile ni ya sasa hivi ndo mbaya zaidi, unaangalia prosesa asilimia 62 unaridhika kumbe ni ya juzi.

Tulichofanya ni kuongeza rangi ya tatu, kijivu. Kijani maana yake nimeuliza nimejibiwa na hali nzuri, nyekundu nimejibiwa na hali mbaya, kijivu sijajibiwa sijui. Kama tunakusanya kila dakika moja basi mashine ikikosa mara tatu mfululizo inaenda kijivu, hairuhusiwi kubaki na rangi yake ya zamani. Alafu tukaongeza shahidi wa pili. Usa River iko njiani kati ya Arusha na Moshi, kwahiyo mkusanyaji wa pale kila dakika naye anamgonga yule wa Moshi na yule wa Njiro. Njiro ikiwa haimwoni Moshi lakini Usa River inamwona, ujue tatizo ni njia ya Njiro. Wote wawili hawamwoni, Moshi kweli kuna shida, umeme au laini. Ni ile ile ya kumsubiri mgeni stendi, hajafika unampigia aliyemsindikiza na unampigia wa kule walikoshukia wengine, ndo unajua amekwama wapi.

Na umeme wenyewe upime. UPS, zile betri za kushikilia kompyuta umeme ukikatika, nyingi zina waya wa kuunganisha na kompyuta, kuna programu ya bure inaitwa Network UPS Tools inasoma kama umeme upo na betri imebaki kiasi gani, weka hicho kipimo karibu na grafu ya kazi zilizofeli. Mi nilipoziweka pamoja nusu ya maswali yangu yalijibika siku hiyo hiyo. Joto pia, Moshi iko chini kuliko Arusha, mwezi wa kwanza na wa pili chumba kinapika, na kompyuta ikizidi joto inapunguza mwendo yenyewe bila kukwambia, kazi ya saa moja na nusu inakuwa saa mbili na unalaumu programu ya mtafiti wa watu.

Turudi kwenye shimo jeusi. Vipimo vya mashine chukua vya msingi tu, prosesa, ram, diski zote na sio moja, joto, basi, nguvu zako peleka kwenye vipimo vya kazi. Kazi imekaa kwenye foleni muda gani kabla ya kuanza, imechukua muda gani, imeisha vizuri au vibaya, na imeishia mashine gani. Ukiwa na hivyo vinne shimo jeusi linajitokeza lenyewe, ni mashine ambayo kazi zinafeli mfululizo na zinafeli haraka kuliko kawaida ya kazi ile. Sheria yetu ni rahisi, zikifeli tano mfululizo ndani ya chini ya dakika moja kila moja, mashine inaacha kupokea kazi mpya hadi mtu aikague. Kwa anayetumia HTCondor, ambayo ni mojawapo ya programu za kugawa kazi, unaweza kuweka skripti ndogo kwenye kila mashine inayojikagua kila baada ya dakika kadhaa, diski ina nafasi, folda la pamoja linasomeka, saa iko sawa, ikiona shida inajitangaza mgonjwa na sharti la kuanza kazi linasoma tangazo hilo, kwahiyo mashine inajitoa yenyewe bila wewe kuingia kwa watu. Mwenye chumba wa Moshi hiki ndo alikipenda kuliko vyote.

Saa nazo zitakusumbua. Mashine kuukuu betri ya bodi imekufa, umeme ukikatika ukirudi inaamka inadhani ni mwaka mwingine kabisa, unaanza kuona kazi zimeisha kabla hazijaanza. Weka chrony au NTP, za kusawazisha saa kupitia mtandao, kwenye kila mashine na uweke tofauti ya saa kama kipimo, ikizidi sekunde moja alamu. Alafu hifadhi kila kitu kwa saa za UTC, yaani saa ya pamoja ya dunia, kwenye kuonyesha ndo uongeze saa tatu. Ila angalia sisi tuna balaa letu wenyewe, kijana wa zamu kanipigia anasema imezima saa nane, nikatafuta kwenye logi saa 08:00 hakuna kitu, kumbe yeye anasema saa nane ya usiku ya kwetu, ambayo kwenye kompyuta ni saa 02:00 na kwenye UTC ni saa 23:00 ya jana yake. Tukakubaliana kwenye daftari la zamu unaandika namba kama zilivyo kwenye skrini, ya mdomoni sema unavyotaka.

Ukubwa wa data piga hesabu kabla, usije kushtukia. Kwetu mashine 40 kila moja vipimo 50 ni mistari 2,000, ukikusanya kila sekunde 15 siku moja inakuwa sampuli (yaani namba zilizosomwa) 11,520,000, ukikusanya kila dakika zinashuka hadi 2,880,000. Prometheus inatumia baiti moja hadi mbili kwa sampuli kwahiyo kwenye diski wala sio kitu cha kutisha, ila kwenye bando la kutuma kwa mkubwa tofauti utaiona mwisho wa mwezi. Kwa kazi ya saa moja na nusu sekunde 15 za nini? Dakika moja inatosha. Kosa linalolemea seva kweli ni kuweka namba ya kazi kama lebo ya kipimo, kazi 1,100 zinakuzalishia mistari 1,100 mipya kwa kila kipimo na kumbukumbu ya seva inazidi kulemewa. Namba za kazi moja moja ziache kwenye logi, kwenye vipimo weka jumla tu kwa mashine na kwa mradi.

Alamu. Mwanzo nilikuwa napata SMS 60 kwa usiku, wiki ya pili nikaanza kulaza simu kifudifudi, maana yake sikuwa na mfumo tena. Sasa hivi kinachoniamsha ni kile tu ambacho naweza kukirekebisha usiku ule na kisiporekebishwa kazi za watu zinaharibika, vingine vinasubiri barua pepe ya asubuhi. Mashine moja kufa kati ya 40 hainiamshi, gridi inahamishia kazi kwingine, ndo maana tumeijenga. Swichi ya mtandao ya chumba, ile inayounganisha mashine zake, ikifa nataka ujumbe mmoja unaosema swichi, sitaki 14 za mashine zilizo nyuma yake, Alertmanager, mwenzake Prometheus wa kutuma alamu, inaweza kunyamazisha hizo ukiiambia nani yuko nyuma ya nani. Na usiwashe na kuzima kwenye namba moja, diski ikifika asilimia 90 washa, usizime mpaka ishuke chini ya 80, vinginevyo ikicheza 89 na 91 simu itakuimbia mpaka alfajiri. SMS zenyewe zitoke kwenye modemu yenye laini ya simu iliyochomekwa hapo hapo, tunatumia programu inaitwa Gammu, maana intaneti ikikata huwezi kutegemea hiyo hiyo intaneti ikwambie imekata.

Bado ile maana ya tatu ya kimya, msikilizaji kufa. Seva kubwa ya Njiro kila dakika tano inatuma neno "nipo" kwa kompyuta ndogo Raspberry Pi iliyoko nyumbani kwangu Sakina, umeme mwingine, laini nyingine, modemu yake. Ile ndogo kazi yake ni moja, zikipita dakika 15 haijasikia "nipo" inanitumia SMS. Haina dashibodi wala grafu, na usiiongezee kitu.

Mkishamaliza chagueni Jumamosi moja muharibu vitu makusudi huku mmoja ameshika saa. Chomoa waya wa mashine moja, jaza diski ya nyingine kwa faili la takataka alafu umtumie kazi, rudisha saa nyuma, zima ruta ya Moshi, na kila mara andika rangi gani imetokea na baada ya dakika ngapi. Mwisho kabisa zima seva kubwa yenyewe. Sisi mara ya kwanza tulivyoizima tulikaa nje tunakula mahindi ya kuchoma tukisubiri ile SMS ya dakika 15, zikapita 40 kimya, kumbe laini ya Sakina iliisha salio tangu mwezi uliopita. Siku hizi salio la ile laini nalo ni kipimo, linakaguliwa kila asubuhi na likishuka chini ya shilingi 2,000 SMS ya kwanza inayotoka ni ya kuomba vocha.